Mto wa Saa Kumi na Mbili

Mimi nikikasirika, husikika mpaka dukani chini, na asubuhi ile ya Desemba 2008 nilisikika. Nilikuwa nimeshika karatasi ya habari kutoka ng'ambo. Ilisema barafu ya kaskazini ya dunia inayeyuka na dubu weupe wanakufa maji. Nilitakiwa kuisoma kwenye kipindi changu, niwasomee watu wa Njoro, Keringet na Nakuru mjini.

"Wamalwa," nikamwambia fundi wetu wa mitambo, "hebu nisaidie. Mama anayekamua ng'ombe pale Njoro saa hii, nimwambie nini kuhusu dubu?"

"Mwambie ni ng'ombe amevaa sweta," Wamalwa akanijibu bila kuinua kichwa. Huyo ndiye Wamalwa. Hata nyumba ikishika moto, atamaliza chai kwanza.

Kipindi changu kiliitwa Hewa Yetu. Nilikianzisha baada ya semina moja hotelini, ambako sisi wanahabari tulikula kuku siku nzima tukifundishwa kusema "mabadiliko ya tabianchi" badala ya kusema mvua imekataa. Haki nilijitahidi. Nikitamka tabianchi, laini za simu zinanyamaza ji. Nikiutaja msitu wa Mau, unakotoka mito yetu, zinalipuka, lakini hakuna anayeuliza habari ya mvua. Wanauliza, "Wewe Cheptanui ni wa upande gani? Umetumwa na nani?" Mwaka ule kila kitu kilikuwa na upande, hata wingu.

Lakini ngoja ifike saa ya salamu. Woi! Mtu anatoka Keringet na gumboti zake, ananunua kadi ya salamu hapo chini dukani, anaandika majina mpaka pembeni: nawasalimu fulani na fulani, popote walipo, na ujumbe wangu ni huu. Nikimaliza kusoma kadi moja, simu tano zinaingia kushukuru. Watu wetu hawakuwa wamekataa kusikiliza redio. Walikuwa wamekataa kunisikiliza mimi na dubu wangu, na ukweli ni kwamba iliniuma.

Redio Kipaza ilikaa ghorofani, juu ya duka la redio la Mzee Mohanlal, mwenye kituo. Alizaliwa Nakuru kwa wazazi Wahindi, akatengeneza redio za mji huu tangu zilipokuwa za mbao, na alipozeeka akaamua kuwa na redio yake. Hakuwahi kuzungumza hewani hata neno moja. Alisema Kiswahili chake kimekaa vibaya, watu watacheka. Kazi yake hewani ilikuwa moja tu: kila asubuhi saa kumi na mbili kamili alipanda ngazi mwenyewe, akamsukuma Wamalwa kando, akafungulia matangazo kwa ule mkanda.

Kama ulikuwa na redio Bonde la Ufa miaka hiyo, unaujua. Kwanza maji. Maji mengi yanapita kwenye mawe, yanaingia chumbani kwako ukiwa bado kitandani. Halafu ndani ya maji, bangili za mwanamke, chali-chali-chali, anatembea ukingoni. Kisha anacheka kidogo, na matangazo yanaanza. Watoto walimwita Mama wa Mto. Kuna watu waliamka kwa hizo bangili badala ya jogoo.

Mwanamke yule alikuwa Shakuntala, mke wake. Mohanlal alimrekodi wakiwa wapya kwenye ndoa, kwenye mawe ya Mto Njoro, siku aliyonunua mashine yake ya kwanza ya kunasa sauti. Shakuntala alipofariki, majivu yake aliyatia pale pale, yakaenda na maji mpaka Ziwa Nakuru. Hakuwa na sauti yake nyingine popote. Sote pale kazini tulijua kwamba mkanda ule si tangazo la kituo. Ni mzee anamsikia mkewe kabla ya kufungua duka, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Na kulikuwa na jambo lingine. Januari ya mwaka huo, mji ulipokuwa unawaka kwa vurugu za uchaguzi, umeme ulikatika tukanyamaza asubuhi moja tu. Watu waliofungia milango yao walidhani na sisi tumechomwa, na hofu ikazidi. Umeme uliporudi, Mohanlal aliweka kengele kwenye mitambo: redio ikinyamaza muda mfupi tu, inalia. Akatuambia, "Hapa kimya hapana. Watu naogopa." Tukaelewa, kwa sababu hata sisi tulikuwa tumeogopa.

Basi, asubuhi ile nikasoma dubu wangu hewani. Nikawaua wote maji. Simu ikalia moja tu.

"Dada Cheptanui, naitwa Linah, niko huku chini ya Njoro, kando ya mto."

"Karibu Linah! Una maoni gani kuhusu tabianchi?"

"Hiyo sijui. Nilitaka kuuliza, huo mto mnaofungulia nao asubuhi, mnautoa wapi?"

"Si ni huo huo wenu, Mto Njoro!"

"Ai, dada, wacha mchezo. Huku tunauvuka na ndala na hazilowi. Watoto wanausikia kwa redio wananiuliza uko wapi. Nimewaambia mmeuhamisha Nakuru."

Wamalwa alicheka akamwaga chai. Mimi pia nilicheka, hewani, kabla kicheko hakijanikwama. Mwaka mzima nilikuwa natafuta habari ya mabadiliko ya hewa ambayo mtu wa Njoro ataielewa, kumbe tulikuwa tunaipiga wenyewe kila asubuhi. Redio ilikuwa inawaambia watu kwamba mto upo. Na redio ni yetu.

Nikashuka dukani. Mohanlal alikuwa nyuma ya kaunta na miwani yake mbili, moja machoni, moja kichwani.

"Mzee, kuna mama amepiga simu. Anasema Mto Njoro umekauka pale kwao."

"Hapana, beta." Hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto kwa lugha yao. "Yeye nadanganya. Mto iko. Mimi nasikia leo asubuhi."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mzee aliyejua ndani ya kila redio kuna nini, aliyeukata mkanda ule na kuuunga kwa mikono yake, alikuwa ananiambia mto upo kwa sababu ameusikia. Sikuweza kumcheka. Nilijua kwamba nikimpeleka kule, namnyang'anya kitu. Nisipompeleka, kesho saa kumi na mbili tunaudanganya tena mji mzima.

"Basi twende tukaurekodi upya," nikasema. "Tumwonyeshe huyo mama."

"Twende," akasema, na akafurahi. Alichukua mashine yake ile ile ya zamani na begi lake, akavaa koti. Alitoka akitembea upesi, ungedhani anaenda harusini.

Hakuwa amefika pale tangu siku ya majivu. Njiani aliniambia mambo. Kwamba Shakuntala alivua viatu na maji yakamshika magotini. Kwamba alicheka kwa sababu samaki mdogo alimgusa. Kwamba kelele ya maji ilikuwa kubwa mpaka wakawa wanaongea kwa mikono. Mimi nilishika usukani wa pikapu la kituo nikamsikiliza, na hilo mtu anayenijua hataliamini.

Linah, ambaye nilikuwa nimempigia simu, alitupokea njiani, mama mwembamba, mtungi wa plastiki mkononi. "Karibu, mzee. Shikamoo." Akatupeleka chini kupitia kwenye mikuyu. Mohanlal alikuwa mbele. Nikamwona akisimama, akainua kichwa, akageuza sikio. Kisha akaanza kushuka polepole sana.

Jamani, mimi nimekulia Keringet, nimeona mito. Lakini sijawahi kuona mto umetoka ukaacha nyumba yake wazi. Mawe yalikuwa yamekaa pale chini, makubwa, meupe, laini kabisa. Nilipapasa moja nikajiuliza ni maji ya tangu lini yaliyolilainisha hivyo. Kwenye ukuta wa ukingo kulikuwa na mstari mweusi, alama ya maji yalipokuwa yakifika. Nilisimama chini yake nikanyoosha mkono, sikuufikia. Yaani pale niliposimama na viatu vyangu vya ofisini ningekuwa nimezama zamani. Nilihisi mdogo, na nikashusha sauti bila kuambiwa.

Na kimya chenyewe! Sikujua kwamba kimya kinaweza kuwa kikubwa hivyo. Si kimya cha Januari, kile cha watu kujificha. Hiki hakikuwa cha watu. Kilianzia juu huko msituni kikashuka kwenye bonde lote mpaka miguuni petu, kikapita kwenda ziwani, na sisi watatu tulikuwa tumesimama ndani yake.

"Hukauka kabisa?" nikamnong'oneza Linah.

"Zamani ulikuwa unapungua, haukuwa unaisha," akasema. "Siku hizi unaisha. Mvua ikija unarudi kwa fujo, unachukua kuku, unaondoka tena. Hata hatujui tuulaumu ama tuuhurumie."

Mohanlal alishuka mpaka katikati ya mawe. Alitafuta mpaka akalipata jiwe lake, akapiga magoti kwa shida, akaweka mashine. Akavaa vidude vya masikioni. Akaelekeza maikrofoni pale ambapo maji yangekuwepo, akabonyeza, magurudumu yakaanza kuzunguka. Alirekodi. Nilitaka kumwambia, mzee, unarekodi nini sasa, hakuna kitu, lakini uso wake ulinikataza. Alirekodi urefu wa ule mkanda wake wa zamani. Muda aliujua moyoni, hakuangalia saa. Mwisho akanivisha vidude vile. Nikasikia upepo. Nikasikia kengele ya ng'ombe, mbali sana. Nikasikia chembe za mchanga zikiteremka kwenye jiwe, moja moja. Nikamsikia mzee akipumua.

"Beta," akaniuliza, "yeye napita hapa. Mimi naweka yeye ndani ya maji, hapa. Sasa?"

Linah ndiye aliyejibu, akiinamisha kichwa: "Siku hiyo maji yalikuwepo, mzee. Alifika ziwani."

Tukirudi, barabara ilipopanda mahali unapoliona Ziwa Nakuru lote, aliniambia nisimamishe gari. Ziwa lilikuwa limejikusanya katikati, na pembeni ardhi imebaki nyeupe kwa magadi. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Tukauona ukiinua vumbi lile jeupe, pazia refu, likapanda, likapanda, likaupita mji kwa urefu, bila sauti yoyote. Heroe wachache waliobaki wakaruka chini yake, wakageuka wote kwa pamoja, waridi, kisha weupe, kisha sikuwaona. Mungu wangu! Nimesoma habari za ziwa lile mara ngapi hewani, takwimu na nini, na sikuwa nimewahi kuliogopa. Siku hiyo niliogopa, na bado sikuweza kugeuza macho. Mohanlal alitoka garini, akavua kofia, akaunganisha viganja vyake kifuani kama wanavyosalimu kwao. Alisimama hivyo mpaka vumbi likatufikia tukaanza kukohoa.

Asubuhi ya pili nilifika studio mapema. Mohanlal alikuwa amefika mbele yangu. Mezani kulikuwa na mikanda miwili, na alikuwa ameweka mkono juu ya ule wa zamani.

"Mzee," nikasema, "si lazima. Tunaweza kuucheza wa zamani, halafu mimi nieleze ulikuwa wa zamani."

"Wewe naeleza mwaka mzima. Nani nasikia?"

Hapo alinipata. Aliuchukua ule wa jana akaufunga kwenye mashine. Ule wa Shakuntala aliutia mfukoni mwa koti.

Wamalwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliweka kikombe chini. "Boss, hiyo haina kitu. Ni hewa tupu. Kengele italia, na watu watajua kumechafuka tena. Boss, Januari hukumbuki?"

"Mimi nakumbuka." Akakaribia ile kengele yake mwenyewe, akang'oa waya.

Saa kumi na mbili. Akabonyeza.

Kimya.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Chini mtaani kulikuwa kunapambazuka. Muuza maziwa alikuwa na redio kwenye baiskeli. Kibanda cha chai kilikuwa na redio, duka la mkate lina redio, mlinzi wa benki ana kiredio chake shingoni, na zote asubuhi zilikuwa zetu. Niliona muuza maziwa akisimama. Akaipiga redio kofi. Akainama, akaongeza sauti. Mama wa chai akatoka na mwiko mkononi, akatazama juu kwenye dirisha letu, akarudi ndani, akaongeza sauti. Mlinzi akaongeza. Kila mtu Nakuru alikuwa anautafuta mto, anazungusha kile kidude cha sauti mpaka mwisho, na mto haupatikani. Hakuna aliyekimbia. Walisimama tu, mmoja kichwa upande, mwingine mkono kwenye redio, mtaa mzima. Sijawahi kuuona mji unasikiliza hivyo, na mimi kusikilizwa ndiyo kazi yangu.

Mkanda ukafika mwisho. Nikageuka nikimbilie maikrofoni, nikamkuta Mohanlal ameketi kwenye kiti changu.

Alikuwa na kadi ya salamu. Moja ya zile alizokuwa akiwauzia watu miaka yote hapo chini, na hakuwahi kujaza hata moja. Akavuta maikrofoni, akasafisha koo.

Sikumsikia kutoka ndani ya chumba. Nilimsikia kutoka nje. Redio zote zilikuwa juu mpaka mwisho, na sauti ya mzee yule ikalipuka kutoka vibandani, madukani, kwenye baiskeli, madirishani mwa ghorofa za upande wa pili, ikagonga kuta, vioo vya dirisha vikatetemeka nyuma yangu:

"Hii nasikia sasa ni Mto Njoro. Ya jana. Ile ya zamani ni ya zamani. Mimi naitwa Mohanlal, iko hapa Nakuru. Nasalimu Shakuntala, bibi yangu, ile mama ya bangili, popote iko. Nasalimu mto, popote iko. Ujumbe." Akasimama. Mtaa wote ukasimama naye. "Ujumbe: mimi nasikiliza nyinyi kila siku. Mimi hapana kuja kuona."

Akaiweka kadi mezani.

Muuza maziwa alivua kofia. Kisha mama wa chai akakaa chini pale pale mlangoni, akafunika mdomo kwa leso, na nikajua kwamba na yeye alikuwa akiamka kwa zile bangili. Wamalwa alikuwa analia waziwazi bila aibu, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, kwa sababu semina nzima na kuku wake haikuwahi kunifundisha kusema hivyo.

Kisha simu zikaanza. Laini zote. Wamalwa alijifuta uso akainua ya kwanza, akaiunganisha hewani bila kumuuliza mtu.

"Mzee, ni Linah. Nimekusikia."

"Ndiyo, mama."

"Watoto wamelia. Wameniuliza, kumbe Mama wa Mto alikuwa mtu? Nimewaambia ndiyo, alikuwa mtu. Na mto ulikuwa mto." Akavuta pumzi. "Usijali, mzee. Mvua ikinyesha huko juu, maji yakianza tu kuja, nitashuka nayo simu mpaka kwenye lile jiwe lako, nikupigie, uyasikie mwenyewe hapo hapo ulipo."

Mohanlal alitia mkono mfukoni mwa koti, akaushika ule mkanda.

"Hapana, mama," akasema, na mji mzima ukamsikia. "Wewe niambie tu. Mimi nakuja."